Mkasi Uliotoka Wenela

Aliyenifundisha kukata nguo hapa Ibaba, Ileje, ni mjomba, na mkasi wake aliuleta kutoka machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wanaume wengi wa Ileje na Rungwe walikwenda huko kwa mkataba wa Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa machimbo hayo. Walirudi na mablanketi, makoti, baiskeli, na wenye bahati wakarudi na cherehani. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ilikomesha ajira hiyo, lakini vyombo vilikwisha kufika.

Zamani mkataji hakuhitajika. Miaka ya 1880, barabara ya Stevenson ilipokuwa ikifunguliwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, vibarua na wapagazi walilipwa nguo, amerikani iliyofungwa kiunoni ilivyo. Suruali ndiyo iliyoleta mkasi: inataka kiuno, nyonga, paja, na nafasi ya kukalia.

Fahari ya mjomba ilikuwa Kaunda suti, vazi lililotoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, likapendwa na viongozi wa chama na walimu. Ustadi wake niliuona mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, kitambaa kilipokuwa cha foleni. Mteja analeta mita mbili na nusu, suti inataka tatu. Mjomba hashiki mkasi. Analaza kitambaa, anafuata uzi wa urefu, anachora vipande vyote kwa chaki kwanza. Kipande cha mbele anakigeuza juu chini ili kola iingie penye kwapa. Mkanda wa suruali anauunga nyuma, panapofunikwa na koti. Kitambaa cha maua yanayotazama upande mmoja hakikubali mbinu hiyo. Hapo anamwambia mteja ukweli. Mshono mbaya unafumuliwa, mkato mbaya haufumuliwi.

Bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mitumba ikafuata, hata mji wa mpakani wa Tunduma ukajaa. Siku hizi kazi nyingi ni kupunguza makoti yaliyokatwa na wengine. Siidharau, ila naumia kuona vijana wanaoshona vizuri sana na hawajawahi kufungua jora wakaamua wenyewe mkasi uanzie wapi.

Sare za shule ndizo zinazoutunza ukataji. Kaki nailoweka kwanza, irudi kabla ya kukatwa. Kaptula ya darasa la kwanza naiachia pindo la inchi mbili, maana mzazi anataka ifike darasa la tatu.