Mbuzi Kwenye Gunia: Misemo ya Kigeni Ilivyopita Kariakoo

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, nyuma ya askari wao lilikuwapo jeshi jingine lisiloshika bunduki. Lilikuwa la wapagazi, Waafrika waliokusanywa kila upande, wengi kwa nguvu, wabebe risasi, unga na majeruhi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Walipopiga kambi Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo, na walipopiga kambi Nairobi pakaitwa Kariokor. Jina moja la Kiingereza likapita katika vinywa vya miji miwili na kutoka na sura mbili, wala hakuna kamati iliyoketi kuamua ipi ndiyo sahihi.

Si mbali na soko la Kariakoo, katikati ya mji wa Dar es Salaam, Sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927. Maandishi yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na yamechongwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Humo wapagazi wanatajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Usemi huo ulivuka bila taabu. Mswahili ambaye tayari anamwita mwizi mtu wa mkono mrefu, na bahili mtu wa mkono wa birika, hashangazwi na jeshi lenye miguu ya watu wengine.

Wakati sanamu ile bado mpya, wakubwa walikuwa wameanza kupanga lugha. Mkutano wa mwaka 1925 hapa Dar es Salaam ulizungumzia elimu na lugha ya kufundishia. Ule wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikaachwa pembeni. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake akiwa Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1939. Nia ilikuwa vitabu vya shule visomeke kwa namna moja Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kwa upande wa tahajia walifaulu, na hilo si jambo dogo.

Sokoni walishindwa. Mnunuzi kutoka Nairobi akiulizia ndengu Kariakoo, muuzaji humpimia dengu, zile nene zenye ncha, wakati mwenzake alitaka choroko. Angekuwa ametoka Mombasa angesema pojo. Pilipili hoho kwa mtu wa Dar es Salaam ni ile kubwa isiyowasha, ya kukatia kwenye kachumbari, lakini kamusi za zamani na wazee wengi wa pwani wanaijua kuwa pilipili kali. Mkenya anataka dania, nasi tunampa giligilani. Mfanyabiashara wa Kongo Mashariki anaita sombe kile tunachokiita kisamvu, na mchicha kwake ni lengalenga. Kichekesho kikubwa kipo kwenye nyanya: lahaja iliyochaguliwa ni ya Unguja, ila Mzanzibari mwenyewe husema tungule.

Tusidhani ni sisi tu. Kihispania kina akademia yake tangu mwaka 1713, na bado basi la abiria ni camión kwa Mmeksiko na guagua kwa Mkuba. Huko Chile guagua ni mtoto mchanga, kwa hiyo Mkuba anayesema Santiago kwamba ameikimbilia guagua akaidandia anaweza kuitiwa polisi. Sisi tuna daladala na matatu, maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza, ingawa yote mawili yamezaliwa na nauli: dala ya shilingi tano upande huu, senti thelathini upande ule.

Misemo ndiyo iliyo na historia ngumu zaidi, kwa sababu iliingia kupitia chumba cha habari. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, kisha redio ya Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, habari za dunia zilifika kwa Kiingereza na mtu akaketi kuzigeuza haraka. Vita Baridi ilitafsiriwa neno kwa neno, na imekaa vizuri kwa kuwa hatukuwa na vita ya namna hiyo. Ila leo mtangazaji akisema kwamba mwisho wa siku Serikali itatoa tamko, msikilizaji ana haki ya kungoja hadi magharibi. Hatimaye ipo, mwishowe ipo, na hazijawahi kumgombeza mtu.

Waandishi wa michezo, ambao husutwa kila siku kwa kuharibu lugha, katika jambo moja waliwapita wenzao. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, iliyojiita Sunderland hadi mwaka 1971, zote ni timu za Kariakoo. Kiingereza kina maneno makali ya kuelezea uhasama wa namna hiyo. Kwa Kiswahili wakaitwa watani wa jadi, jina lililochukuliwa katika utani wa makabila, ambamo mtu humtukana mwenzake msibani na kesho akamsaidia kuchimba kaburi. Hapo ulitafsiriwa uhusiano wa watu, si maneno. Siku hizi naona dabi ya Kariakoo inalipiku jina hilo katika vichwa vya habari, na sioni tulichofaidi.

Wafanyabiashara nao wana misemo yao. Mwingereza aliyetapeliwa amenunua nguruwe ndani ya mfuko, Mhispania amepewa paka badala ya sungura, na mtu wa Kariakoo ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliyetapeliwa kwa ustadi zaidi amepigwa changa la macho. Hakuna aliyehitaji kumweka nguruwe katika soko lenye Waislamu wengi hivi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967 kuilea lugha hii, na kwa wahariri wa magazeti: pelekeni vijana wenu na daftari Kariakoo, Shimoni pale sokoni na Mtaa wa Msimbazi. Na kamusi ijayo iandike wazi, mbele ya kila neno la chakula, ni wapi linasemwa hivyo.