Kutoka Gukuna hadi Labiaplasti: Majina ya Mwili wa Mwanamke na Ridhaa ya Mgonjwa Mjini Bujumbura

Mwanamke msemaji wa Kiswahili wa Buyenzi au Bwiza, mjini Bujumbura, anapomwendea daktari kuuliza habari za upasuaji wa kupunguza midomo ya ndani ya uke, hukutana na tatizo la lugha kabla hajakutana na kisu. Daktari amesomea taaluma yake kwa Kifaransa, na istilahi aliyofundishwa ni nymphoplastie. Simu ya mwanamke huyo imekwisha kumwonyesha neno jingine, labiaplasti. Jirani yake aliyekulia katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda ana neno la tatu, gukuna, ambalo maana yake ni kinyume kabisa cha hayo mawili, kwani linataja kurefusha. Kiswahili, lugha ambayo mazungumzo yote haya yangeweza kufanyika ndani yake, hakina istilahi iliyokubaliwa. Hujazwa pengo hilo kwa kauli kama “kurekebisha sehemu za siri”.

Makala haya yanafuatilia historia ya majina hayo. Hoja inayotetewa ni kwamba kitenzi “kurekebisha” kimekwisha kutoa hukumu kabla mgonjwa hajaulizwa, kwa kuwa hakirekebishwi ila kilichoharibika. Historia ya eneo la Maziwa Makuu na ya Ulaya inaonyesha kwamba urefu uleule wa kiungo kilekile umeitwa uzuri, ukaitwa kioja, ukaitwa ugonjwa, kwa kutegemea nani anayetazama.

Bibi arusi, mdomo na shavu

Istilahi ya Kifaransa inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya bibi arusi, ambalo wanaanatomia wa Ulaya walilitumia kwa wingi kuitaja midomo ya ndani. Labiaplasti imejengwa juu ya neno la Kilatini la mdomo. Kiswahili kimepita njia mbili zinazofanana na ya Kilatini: vitabu vingine vya afya huandika midomo ya uke, vingine mashavu ya uke, na kila kimoja hutofautisha ya nje na ya ndani, au makubwa na madogo. Tofauti hiyo ya mwisho ina walakini wake. Midomo “midogo” kwa wanawake wengi huizidi ile “mikubwa” na kuonekana nje, na msichana aliyesoma kitabu cha shule bila kuelezwa hayo ana kila sababu ya kujidhania mgonjwa. Kwa hiyo “ya ndani” na “ya nje” si salama sana pia, lakini angalau haziweki kipimo.

Juu ya istilahi hizi limetanda neno la adabu, sehemu za siri. Adabu hiyo ina kazi yake katika jamii na haifai kubezwa. Hata hivyo neno linalofunika viungo vyote kwa pamoja haliwezi kutumika katika fomu ya ridhaa, ambako mgonjwa anapaswa kujua ni nini hasa kitakatwa na nini kitabaki.

Masenge na ssenga

Utamaduni wa kuvuta midomo ya ndani ili irefuke umeandikwa kwa kina zaidi Rwanda na Uganda. Umeandikwa pia kusini, Tanzania na Msumbiji. Kwa Kinyarwanda huitwa gukuna, na wasichana wanaokwenda kufanya hivyo pamoja husemwa wamekwenda “kukata majani ya mifagio”, tafsida ambayo mzazi yeyote aliweza kuitamka mbele ya wageni. Kirundi na Kinyarwanda husikilizana, na Bujumbura ilipokea wakimbizi wengi wa Rwanda kuanzia mwaka 1959. Neno hilo basi si geni masikioni mwa mji.

Mwalimu wa jambo hili, kwa Waganda, ni ssenga, dada wa baba. Jina hilo ni ndugu wa dhahiri wa masenge wa Kirundi na Kinyarwanda, na cheo chake kinakaribiana na cha kungwi au somo wa pwani ya Uswahilini: mwanamke mwenye idhini ya kusema yale ambayo mama hawezi kumwambia binti yake. Msichana huanza kabla ya hedhi ya kwanza, kwa kutumia dawa za mimea au mafuta, na lengo linalotajwa ni heshima katika ndoa na raha ya tendo la ndoa kwa wote wawili. Sylvia Tamale, mwanasheria wa Uganda, katika utafiti wake kuhusu ssenga alionyesha kwamba mafunzo hayo yaliwapa wanawake lugha ya kuzungumzia raha yao wenyewe. Marian Koster na Lisa Price, walioandika kuhusu Rwanda mwaka 2008, walichagua kuuita utamaduni huo ugeuzaji, wala si ukeketaji.

Haifai kuupamba utamaduni huu. Unamhusu mtoto asiyeweza kukataa, mimea mingine huunguza ngozi, na msichana asiyevuta hutishwa kwamba hataolewa. Linalohusu hoja ya makala haya ni jambo moja tu: katika milima ya eneo hili, midomo mirefu ilikuwa ishara ya malezi mema.

Paris, 1815

Ulaya iliitazama ishara hiyohiyo kwa jicho jingine. Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Rasi, alionyeshwa kwa malipo London kuanzia mwaka 1810 na Paris kuanzia mwaka 1814. Alipofariki mwishoni mwa mwaka 1815, Georges Cuvier aliupasua mwili wake, akahifadhi viungo vyake vya uzazi katika chupa, na mwaka 1817 akachapisha maelezo yake. Wasafiri wa Ulaya walikuwa wamesimulia kwa muda mrefu habari za “aproni” ya wanawake wa Rasi. Cuvier alihitimisha kwamba haikuwa kiungo cha pekee ila midomo ya ndani iliyokua. Angeweza kuishia hapo. Badala yake, tofauti ya sentimita chache iliingizwa katika hoja za ngazi za binadamu, na mabaki ya mwanamke huyo yakakaa katika majumba ya makumbusho ya Paris hadi yaliporudishwa Afrika Kusini na kuzikwa mwaka 2002.

Kisa hiki kinawagusa wasomaji wa Bujumbura kwa sababu anatomia iliyofundishwa katika makoloni ya Ubelgiji ilitoka katika mapokeo hayohayo ya Kifaransa. Mchoro wa kitabu ulionyesha mwili mmoja, wenye midomo mifupi inayolingana pande zote, na mwili huo ukawa kipimo bila mtu kutangaza kwamba ni kipimo.

Ugonjwa unaotafuta kipimo

Upasuaji wa kupunguza midomo ya ndani kwa ajili ya sura uliingia katika majarida ya upasuaji wa plastiki kwa makala ya Hodgkinson na Hait ya mwaka 1984. Kabla yake na baada yake matabibu walitumia istilahi hipatrofia, yaani kukua kupita kiasi, ingawa kiasi chenyewe hakikuwa na makubaliano. Mwaka 2000 Rouzier na wenzake nchini Ufaransa walichapisha uzoefu wa wagonjwa 163, wakiweka mpaka kwenye upana wa sentimita 4. Miaka mitano baadaye Jillian Lloyd na wenzake, London, walipima wanawake 50 waliokuwa hospitalini kwa sababu nyingine. Upana wa midomo ya ndani ulikuwa kati ya milimita 7 na 50, na urefu kati ya milimita 20 na 100. Kwa maneno mengine, kipimo cha Ufaransa kingeweza kumwita mgonjwa mwanamke wa London ambaye hakuwa amelalamika chochote.

Hii haina maana kwamba hakuna mwenye haja ya upasuaji. Wapo wanaosuguliwa na nguo au kiti cha baiskeli, na wapo wanaoumia wakati wa kujamiiana. Lakini midomo ya ndani ina mishipa mingi ya fahamu na hulinda mlango wa uke na wa mkojo, kinachokatwa hakirudi. Kuvuja damu, maambukizi, mshono kufumuka, kovu lenye maumivu, kupungua kwa hisia na kukatwa kupita kiasi ni madhara yanayojulikana. Kupona huchukua majuma kadhaa, na kwa kawaida mgonjwa huagizwa kujiepusha na kujamiiana kwa takriban majuma sita. Upande mmoja kuuzidi mwingine ni hali ya kawaida. Kwa aliye chini ya miaka 18 mwili bado unakua, na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi na Wanawake cha Uingereza kilishauri mwaka 2013 kwamba upasuaji wa sura wa aina hii usifanywe kwa umri huo.

Nani amekeketwa?

Mwaka 1990 Kamati ya Nchi za Afrika kuhusu mila zinazoathiri afya, ilipokutana Addis Ababa, iliacha jina la tohara kwa wanawake na kuchagua jina linalotaja uharibifu. Kiswahili kilifuata kwa kuacha tohara, neno la Kiarabu lenye maana ya usafi, na kushika ukeketaji, kutoka kitenzi keketa, kukata kwa shida kama kwa kisu butu. Uteuzi huo ulikuwa wa busara. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba neno la Kiswahili limefungwa kwenye kukata, ilhali ufafanuzi wa kimataifa haukufungwa hapo.

Tamko la pamoja la Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA la mwaka 1997 liliweka kuvuta midomo ya uke katika Aina ya Nne ya ukeketaji. Tamko la mwaka 2008 halikukutaja tena kuvuta katika mifano ya Aina hiyo, na lilikiri kwamba upasuaji wa urembo wa sehemu za siri, unaokubaliwa kisheria katika nchi nyingi na usiohesabiwa kuwa ukeketaji, kwa hakika unaingia ndani ya ufafanuzi. Hapo pana kitendawili ambacho washauri wa sera hawana budi kukiangalia: bibi wa Rwanda aliyevuta bila kukata aliorodheshwa, na aliyekatwa kwa malipo katika kliniki ya Ulaya akaachwa.

Kenya imelikaribia swali hili zaidi ya jirani zake. Sheria yake ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji, lakini inaacha nje matibabu yenye lengo halisi la tiba. Dkt. Tatu Kamau aliipinga mahakamani, akidai kwamba mwanamke mtu mzima ana haki ya kuamua juu ya mwili wake. Tarehe 17 Machi 2021 Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo. Ridhaa ya mtu mzima, basi, haimwokoi ngariba. Je, inamwokoa daktari wa upasuaji wa urembo? Jibu linategemea neno “tiba”, na tiba inategemea kuwepo ugonjwa, na ugonjwa, kama ilivyoonekana, unategemea kipimo ambacho matabibu wenyewe hawajakubaliana.

Istilahi inayopendekezwa

Kwa kuwa Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake za msingi, istilahi itakayoteuliwa haitabaki Bujumbura. Inapendekezwa kuwa upasuaji huu uitwe upunguzaji wa midomo ya ndani ya uke. Neno upunguzaji linataja kitendo na kukomea hapo. Halisemi kwamba palikuwa na kosa. Urekebishaji ubaki kwa yule aliyechanika wakati wa kujifungua au aliyejeruhiwa, ambaye kweli ana kitu cha kurudishiwa. Uvutaji wa midomo utumike kwa gukuna, mbali na ukeketaji, huku suala la ridhaa ya mtoto likijadiliwa kwa jina lake lenyewe.

Pendekezo hili lina gharama. Upunguzaji ni neno baridi, na kliniki inayotafuta wateja haitalipenda. Mkalimani naye atapata taabu kulitamka mbele ya mume au mama mkwe aliyemsindikiza mgonjwa. Katika hali hiyo daktari amwombe msindikizaji asubiri nje, kisha aweke mchoro mezani, si mmoja bali michoro ya miili kadhaa isiyofanana, amwulize mgonjwa ni nani aliyemwambia kwamba wake una kasoro.