Kitambaa cha vitanzi

"Vya makochi au vya meza?" aliniuliza mama muuza vitambaa pale Segera, hatua chache kutoka njia panda. Nilikuwa nimemwomba kitambaa cha kufuma, nishonewe sweta pana la kwenda nalo Lushoto. Swali lake lilikuwa la haki. Kitambaa cha kufuma, majumbani mwetu, ni kile cha kroshia kinachotandazwa mgongoni mwa kochi na juu ya televisheni. Nikashika pindo la tisheti niliyovaa, nikalivuta. Akacheka.

"Si useme cha kuvutika, mwanangu!"

Kosa halikuwa lake, na sidhani kama lilikuwa langu. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kufuma, kwa kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ya kale. Mfumi hutandika nyuzi zake kwenye kitanda cha kufumia. Hizo ndizo mtande. Kisha hupitisha uzi mwingine, mshindio, juu ya huu, chini ya ule. Pwani yetu iliijua kazi hii zamani sana: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta vitambaa vya huko vikisafirishwa hadi Misri. Kanga na kitenge hufumwa hivyo hivyo mpaka leo. Ukiisogeza kanga karibu na jicho utaona mkeka mdogo mno.

Kazi ya pili haina mtande wala mshindio. Uzi mmoja hupigwa kitanzi, kitanzi kikapitishwa ndani ya kitanzi, mstari juu ya mstari. Ndivyo shangazi anavyofuma kofia ya mtoto kwa sindano mbili, na ndivyo mashine zinavyotoa fulana. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya namna hiyo mwaka 1589. Kuvutika kunaanzia hapo. Vuta kanga kwa upana, nyuzi zimenyooka tayari, hazina pa kwenda (labda uivute mshazari). Vuta fulana, vitanzi vinapanuka; achia, vinarudi.

Basi tumwite mama wa Segera mshindi, tuandike "kitambaa cha kuvutika" tuendelee na mengine? Sokoni, ndiyo. Kitabuni nina shaka. Jinzi nyingi za siku hizi zinavutika kwa sababu zimechanganywa na nyuzi zinazovutika kama mpira, lakini ni za mtande na mshindio. Kuvutika ni tabia, nayo tabia huigwa. "Jezi" lingefaa, maana kwa Kiingereza ni jina la kitambaa chenyewe, kutoka kisiwa cha Jersey kilichosifika kwa ufumaji, ila kwetu limeshachukuliwa na mpira: omba kitambaa cha jezi uulizwe Simba au Yanga. Na "fulana" lina kichekesho chake, kwani lilikotoka lilitaja kitambaa kizito cha sufu, cha mtande kabisa.

Mimi nasema kitambaa cha vitanzi, na mwenzake kitambaa cha mtande. Najua kitanzi kina sifa mbaya ya mnyongaji. Lakini fundi cherehani hamfikirii mnyongaji. Kwake kitanzi ni kile cha kushikia kifungo, analitumia neno kila siku.

Jina hili lina faida mkononi pia. Sweta langu la kwanza nililipeleka kwa fundi, akalishona kwa mshono ulionyooka, kama anavyoshona sare za shule. Lilipendeza sana kwenye kioo. Nililivaa tulipoanza kupanda mlima kutoka Mombo, na kichwa kilipopita shingoni nikasikia tra! Kitambaa kilivutika, uzi haukuvutika, ukakatika. Angelijua anashona vitanzi angepiga zigizaga, au angelipitisha kwenye ovaloki. Hata sindano yake ilikuwa kali mno: kitambaa cha vitanzi hutaka ncha butu kidogo, isukume uzi pembeni badala ya kuutoboa, maana kitanzi kimoja kikikatika safu nzima ya wima yaweza kufumuka.

La pili nililikata mwenyewe nyumbani. Nilitandaza sweta la mtumba juu ya gazeti, nikalichora, nikaongeza. Kifua changu ni inchi 36. Nilikata la inchi 46, bega likishuka hadi juu ya mkono. Upande unaovutika zaidi niliulaza kuzunguka mwili. Utepe wa shingo niliukata mfupi kuliko shingo yenyewe, nikauvuta wakati wa kushona, nao ukalala vizuri.

Sweta la namna hiyo vijana huliita ovasaizi. Kiswahili kina kupwaya, neno zuri lililoharibiwa na watangazaji wa mpira: beki amepwaya, kiungo amepwaya. Nguo nayo ikipwaya tunadhani fundi amekosea vipimo, au mwenye nguo ameugua. Mlegezo ndiyo kabisa, unamaanisha suruali iliyoshuka makalioni. Nachagua "sweta la kupwaya", wanaocheka wacheke.

Walimu wa ushonaji, mkifika somo la vitambaa, mpeni mwanafunzi kipande cha kanga na kipande cha fulana avivute vyote viwili kabla hamjamtajia jina lolote.