Gari la matangazo

Gari la matangazo ni gari lililofungwa vipaza sauti ili kufikisha habari kwa wakazi wa mitaa linamopita. Nchini Tanzania, pamoja na Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Viktoria, hutumika kutangaza mikutano ya kampeni, mechi za mpira, minada na chanjo. Mara nyingi ni pikapu ya wazi.

Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, hivyo spika za kawaida za gari husikika hafifu. Kwa sababu hiyo hufungwa spika zenye umbo la tarumbeta: besi yake ni ndogo, lakini hufikisha maneno mbali kwa umeme kidogo. Mwanza, ambako nyumba nyingi ziko juu ya vilima vya mawe, mwelekeo wa spika ni muhimu sawa na nguvu yake.

Amplifaya inayotumia wati 240 huvuta ampea 20 kutoka betri ya volti 12. Kwa hiyo huhitaji nyaya nene, na fyuzi karibu na betri ili kuzuia moto.

Sauti ikizidishwa hukwaruza na maneno hayaeleweki. Pia hudhuru masikio, hasa ya dereva na mtangazaji wanaokaa karibu nayo kutwa.