Cheti Kabatini, Kipaza Sauti kwa Mwingine

Wadau, juzi nilikuwa natafuta kitambulisho, nikakutana na cheti changu cha utangazaji. Miaka mitatu darasani nikijifunza kukaa mbele ya kipaza sauti, leo ugali wangu unatoka gazetini. Nikajiuliza, hivi hii kazi ilianza lini kudai cheti?

Turudi nyuma kidogo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951. Baada ya uhuru ikaja kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini Bara ilikuwa na redio hiyo moja tu. Mtangazaji alipikwa kazini: sauti, matamshi, Kiswahili kisicho na doa. Chuo cha uandishi wa habari, TSJ, kilianza 1975, lakini mlango wa ajira ya redio ulibaki mmoja, pale Barabara ya Pugu. Ukikataliwa hapo, basi tena.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyowafungulia watu binafsi. 1994 zikaja Radio One na ITV, baadaye utitiri wa FM. Vituo vikataka watu wa kuchangamsha vijana, na Clouds yenyewe ilianza kama disko kabla ya kuwa redio. Nani angeuliza cheti disko? Vyuo navyo vikaota kama uyoga, na mwishowe kanuni za serikali za 2017 zikataka mwandishi awe na angalau stashahada.

Sawa, vyeti tunavyo. Fildi nilifanya kituo kimoja (jina kapuni), nikabaki najitolea miezi saba, nauli yangu, chai yangu. Nafasi ilipotokea akapewa mchekeshaji mwenye wafuasi kibao Instagram. Sikumchukia, jamaa anachekesha kweli. Ila darasani kwetu walioajiriwa haraka ni wale waliokuwa wakijifungia na kamera na kompyuta za kuhariri sauti, wakati sisi tukigombea kusoma taarifa ya habari ya mazoezi. Mbele ya kipaza sauti, tangu enzi za RTD, wanatafuta sauti. Nyuma ya kioo wanatafuta anayeijua kazi, na hiyo ndiyo chuo kingenifundisha kama ningetulia.

Basi usiku najifunza upya kuhariri sauti kwenye laptop ya kuazima. Alhamisi nina usaili wa fundi mitambo. Mhariri wangu, ukipita hapa, ile ruhusa ya kwenda kliniki ndiyo hii.