MUHURI WA BARUA: AMANA YA SIRI TANGU MADINA HADI DZALEKA

Bismillahir Rahmanir Rahim



Baada ya mkataba wa Hudaybiyya (mwaka 628), Mtume Muhammad (S.A.W.) alitaka kuwaandikia wafalme kuwaita katika Uislamu. Akaambiwa kuwa wafalme hawapokei barua isiyo na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake kwa mistari mitatu. Baada yake pete hiyo ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (R.A.), mpaka ilipotumbukia katika kisima cha Aris, Madina. Muhuri humjulisha msomaji barua imetoka kwa nani, na kwamba haikufunguliwa njiani. Nayo Surat al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza kupelelezana.

Hapa Malawi wazee wanakumbuka utawala wa Kamuzu Banda. Barua zilikuwa zikifunguliwa, na neno moja liliweza kumtia mtu kizuizini. Dzaleka yenyewe ilikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 utawala ule ukaisha, Dzaleka ikawa kambi ya wakimbizi, na mwaka huo huo katiba mpya, kifungu cha 21, ikalinda faragha ya mtu pamoja na barua na simu zake.

Sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda tulizijua pia barua za Msalaba Mwekundu. Zilikuwa za wazi, habari za familia tu, kwa hiyo kila mtu alipima maneno kabla ya kuandika. Leo tuna simu. Tangu mwaka 2016 WhatsApp hufunga ujumbe binafsi kwa namba za siri, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Lakini kufuli hilo huishia mkononi mwa anayeupokea.

Nasi walimu hatukusalimika. Mzee mmoja asiyejua kusoma alituletea simu tumsomee ujumbe wa binti yake aliyeko Kongo. Binti alitaja mahali alipojificha na watoto. Kwa nia ya kuombewa dua, tukausambaza kwenye kundi la wazazi. Kabla ya Magharibi ulikuwa umefika kwa watu tusiowajua, na binti yule akalazimika kuhama usiku ule ule na watoto mgongoni. Alhamdulillah walisalimika. Tulikwenda kumwomba mzee msamaha, kwani mtambo haukuvunjika; tuliovunja amana ni sisi.

Basi ndugu zetu, ukisomewa au ukisomeshwa ujumbe wa mtu, sema moyoni: hii ni amana. Usiusambaze bila idhini ya mwenyewe, hata kwa nia njema. Wazazi, wafundisheni watoto hivyo, nasi tutawafundisha madrasa.

Wabillahi tawfiq.