Mahakama Mbili za Arusha na Sheria ya Kukana Mauaji

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mlioko madarasani hivi sasa: yapo mataifa yanayomwadhibu mtu anayekana hadharani kwamba mauaji fulani ya kimbari yalitokea. Ufaransa ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1990, kuhusu mauaji ya Wayahudi. Jirani zetu wa Rwanda nao wanayo. Je, sheria kama hii hunyima watu uhuru wa kusema? Nimechagua kulitazama jambo hili Rwanda, maana sehemu kubwa ya jibu ilitolewa hapa kwetu Arusha.

Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa Rwanda watu wapatao 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wengi wao Watutsi. Redio RTLM ilichochea. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo Ferdinand Nahimana, mwanahistoria wa chuo kikuu, na Jean-Bosco Barayagwiza, mkurugenzi katika Wizara ya Mambo ya Nje. (Msomi na mtumishi wa serikali, sisi wenye vyeti tusijione salama.) Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Desemba 2003.

Lakini kuchochea ni kosa la kabla ya damu kumwagika. Kukana huja baadaye. Juu ya hilo, mahakama hiyo ilitamka mwezi Juni 2006 kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, halihitaji tena kuthibitishwa kwa mashahidi. Je, uchunguzi wa historia ulifungwa siku hiyo? Hata kidogo. Desemba 2008 mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani Kanali Théoneste Bagosora kwa mauaji ya kimbari, ila ikamwachia shitaka la kula njama ya kuyatenda, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Tukio halikubishaniwa, jinsi lilivyopangwa liliendelea kubishaniwa na majaji wenyewe.

Kwa hiyo sioni ubaya kumkataza mtu kumwambia mjane kwamba mumewe hakuuawa, hasa katika nchi ambamo aliyeua na aliyenusurika huteka maji kisima kimoja. Ubaya ulianza pale sheria ilipopanuliwa. Sheria ya Rwanda ya 2008 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari ilitaja hata kudhihaki na kucheka msiba wa mwenzio. Kifungo kilikuwa miaka 10 hadi 25, na mtoto wa chini ya miaka 12 aliweza kupelekwa kituo cha kurekebishwa. Maneno mapana namna hii humwachia polisi kazi ya mwanahistoria.

Januari 2010 Victoire Ingabire, mpinzani wa serikali, alirudi kutoka Uholanzi, akaenda kwenye makumbusho ya Gisozi mjini Kigali. Alisema hapo wanakumbukwa Watutsi waliouawa, lakini wapo pia Wahutu waliouawa kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu ambao hawakumbukwi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilimpa miaka 15, kwa kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari pamoja na makosa mengine. Ajabu ni kwamba mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ya Rwanda yenyewe ilikuwa imewafunga maofisa wawili kwa kuwaua viongozi wa Kanisa Katoliki mwaka 1994, maaskofu watatu wakiwamo, na waliouawa wengi walikuwa Wahutu.

Shauri la Ingabire lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko Arusha. Novemba 2017 iliamua kwamba Rwanda ina haki ya kutunga sheria dhidi ya kukana mauaji, ila maneno ya mama huyo hayakuwa kukana, na haki yake ya kusema ilivunjwa. Rwanda ilikwisha jitoa mwaka 2016 katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishitaki huko. Ingabire alitoka gerezani Septemba 2018 kwa msamaha wa Rais. Sheria ilikuwa imepunguzwa makali mwaka 2013 kwa kudai kwamba kosa liwe la makusudi na la hadharani. Kama ningeulizwa, ningeacha ndani yake kosa la kukana tukio lenyewe, na hao maaskofu wa 1994 ningewaacha wazungumzwe.